Mtaro Uliogawa Mtaa: Kisa cha Kikundi cha Kujitolea Kilichodai Vivuko vya Kupitika na Kila Mtu, Dodoma

Kuhusu kisa hiki

Majina ya mtaa, kata, ofisi na watu wote yameondolewa, na alama chache za mahali zimebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Kilichobaki ni mpangilio wa mambo: nani aliamua nini, kwa sababu gani, na ikawaje. Nimekiandika kwa ajili ya vikundi vya kujitolea, wenyeviti na watendaji wa mitaa, na mafundi pia. Lami inaingia kwenye mitaa mingi ya Dodoma sasa hivi, na kila inapoingia kuna watu wanaofunguliwa njia na kuna wengine wanaofungiwa ndani.

Usuli

Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973. Mpango Mkuu wa kwanza, ulioandaliwa na kampuni ya Kanada na kukamilika mwaka 1976, uliwaza mji wa watu wanaotembea: makazi yenye shule, soko na huduma za afya kwa umbali wa miguu, njia za wapita kwa miguu na baiskeli, na mabasi yenye njia yake. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA ambayo wazee wa hapa bado wanaitaja kila wanapozungumzia viwanja, ilisimamia upimaji hadi ilipovunjwa mwaka 2017 na kazi zake kukabidhiwa halmashauri. Mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa jiji. Watu nao hawakusubiri ramani. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 410,956 katika eneo la halmashauri, na ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Wengi wa hao walioongezeka walijenga walipopata nafasi, palipopimwa na pasipopimwa.

Mtaa wa kisa hiki uko kwenye mpaka wa hali hizo mbili. Upande wa juu ni viwanja vya enzi za CDA: nyumba zenye uzio na mageti, zahanati, shule ya msingi, ofisi ya serikali ya mtaa. Upande wa chini ulijengwa kabla upimaji haujafika: nyumba za tofali za kuchoma zilizosogeleana, vichochoro, mashine ya kusaga, kioski cha maji, msikiti na kanisa. Katikati ilipita barabara ya vumbi. Mvua ikinyesha ilikuwa tope, lakini mtu aliweza kuivuka popote alipotaka.

Ilipowekwa lami, watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Pamoja na lami ukaja mtaro wa mawe na saruji, pande zote mbili, mpana kupita mita moja na kina cha kumfika mtu mzima kiunoni. Hakuna aliyeupinga mtaro. Mvua za Dodoma ni chache, kwa kawaida kati ya Desemba na Aprili, lakini zikija huja kwa nguvu, na korongo lililokuwa mchanga mtupu asubuhi linaweza kubeba mbuzi jioni.

Shida ilikuwa kwenye vivuko. Upande wa juu, kila geti liliwekewa slabu ya zege ya kupitisha gari, na kila njia iliyopimwa ikapata kivuko chake. Upande wa chini, mchoro haukuonyesha njia yoyote, kwa sababu vichochoro havikuwa vimepimwa, na kwa fundi anayefuata mchoro, kisichochorwa hakipo. Upande huo ukapata vivuko viwili tu, kimoja kila mwisho wa barabara, na kati yake karibu nusu kilomita ya mtaro mtupu. Watu wakatandika magogo, kipande cha nguzo ya umeme, na mahali pamoja mlango wa bati uliochakaa. Mwenye miguu mizima alivuka. Wengine walikaa nyumbani.

Kikundi na mkutano wa kwanza

Kikundi kilichoanzisha jambo hili hakikuwa cha watu wenye ulemavu, wala hakikuwa na ofisi. Walikuwa vijana na akina mama kama kumi na wawili, wakiongozwa na mwalimu mstaafu, waliozoea kufagia na kupanda miarobaini. Kilichowagusa ni mshonaji mmoja wa upande wa chini anayetumia kitimwendo. Kabla ya mtaro alikuwa akijisukuma mwenyewe hadi karibu na shule na kupokea kazi za sare. Baada ya mtaro wateja wakapungua, na mwalimu, ambaye ni jirani yake, akaanza kuuliza ni wangapi wengine wamepotea machoni bila mtu kugundua.

Waliomba mkutano wa wakazi, mwenyekiti wa mtaa akakubali, na tangazo likapitishwa kwa kipaza sauti kwenye bajaji. Mkutano ukaitishwa ofisi ya serikali ya mtaa, ambayo iko upande wa juu, ina ngazi tatu mlangoni. Mshonaji alipofika kwenye mtaro, vijana wawili walikuja mbio kumbeba na kitimwendo chake. Akakataa.

"Wanangu, ahsanteni. Lakini sikuja kubebwa kama gunia. Nimekuja kusema, na nitasemea hapa."

Mwenyekiti alipoambiwa, alifanya jambo ambalo naliheshimu hadi leo: aliuhamisha mkutano. Viti vikavushwa upande wa chini, watu wakakaa kivulini pembeni ya mashine ya kusaga, mzee mmoja akafungua kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", na umati ukaitikia. Siku hiyo wengi wa upande wa juu walivuka magogo kwa mara ya kwanza. Mama mmoja wa makamo aliyevaa viatu vya kisigino alirudi katikati akatafuta njia ya kuzunguka, na alipofika alisema mbele ya wote kwamba sasa ameelewa ajenda.

Kutembea na tepu

Mkutano uliazimia kuandika barua. Mwalimu akasema barua bila vipimo itafunguliwa, itasomwa na itawekwa kwenye faili. Ndipo wakaamua kutembea barabara nzima na watu watatu ambao mtaro umewazuia, wakipima kila wanapokwama. Niliambatana nao kama mshauri wa kujitolea, na hapa ndipo nilipoona kikundi hiki kina kitu.

Wa kwanza alikuwa mshonaji. Kwenye kivuko cha mwisho wa barabara, ambacho kila mtu alikiita kizuri, alisimama akaonyesha kwa kidole nafasi iliyoachwa kati ya slabu mbili. Vidole vitatu vingeingia. Magurudumu madogo ya mbele ya kitimwendo yakitumbukia hapo, kiti kinasimama ghafla na mtu anatupwa mbele. Yeye huvuka hapo kwa kugeuka na kurudi kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia, akiwa haoni bodaboda zinazokuja nyuma yake. Fundi mwashi aliyekuwa nasi ana miaka mingi kwenye kazi hiyo. Alipiga magoti, akaingiza tepu kwenye ule upenyo, akaandika, kisha akasema taratibu kwamba slabu za namna hiyo amemwaga yeye mwenyewe kwenye mitaa mingi.

Wa pili alikuwa mzee asiyeona, anayekwenda msikitini na fimbo nyeupe. Kwake kivuko kilikuwa nusu tu ya tatizo. Zamani alijua mahali pa kukata kona kwa mzizi wa mwarobaini uliokuwa umejitokeza njiani. Fimbo ikigonga mzizi, anahesabu hatua na anageuka. Mti ulikatwa kupisha barabara. Sauti ya mashine ya kusaga inamsaidia ikiwa inafanya kazi, lakini umeme ukikatika anapotea. Ukingo wa mtaro nao uko sawasawa na ardhi, hauna hata tofali moja la kugongana na fimbo kabla ya shimo. Aliomba vitu viwili: ukingo ulioinuka kidogo, na kitu chochote cha kudumu pale ulipokuwa mti. Hakuna hata mmoja wetu ambaye angeviandika hivyo viwili kwenye barua kama yeye asingekuwepo.

Wa tatu alikuwa mama wa mtoto wa miaka minane mwenye mtindio wa ubongo. Humpeleka mazoezi ya viungo akiwa mgongoni, na magogo anayavuka hivyo hivyo.

Walipata sehemu saba. Kila moja waliandika upana wa mtaro, kina, tofauti ya kimo kati ya lami na njia ya chini, na huduma iliyo ng'ambo. Kimo walikipima kwa mpira wa maji, ule ule ambao mafundi hutumia kusawazisha msingi wa nyumba. Kipimo walichokifuata kwa mteremko ni kile kinachotumika sehemu nyingi duniani, moja kwa kumi na mbili: kila sentimita 10 za kimo zipate mteremko wa urefu wa sentimita 120. Yote yakaingia kwenye ukurasa mmoja.

Uamuzi wa kujenga kwanza

Hapa kikundi kiligawanyika. Vijana walisema shule inafungua Januari, mvua zimeshaanza kutishia, na watoto wa upande wa chini watavuka magogo yakiwa na utelezi. Kusubiri ofisi ni kusubiri mtoto aanguke. Mwalimu na fundi walitaka barua iende kwanza. Vijana wakashinda. Simlaumu mtu, maana hofu yao ilikuwa ya haki.

Michango ikaanza. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akatoa mifuko ya saruji, akina mama wanaogonga kokoto mlimani wakatoa kokoto, mchanga ukatoka korongoni, na msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, ukapangwa Jumamosi. Nondo ndizo zilizopungua. Kwa upana ule, slabu isiyo na nondo za kutosha isingebeba uzito, kwa hiyo wakajenga nguzo ya mawe katikati ya mtaro ili kuishikilia. Fundi alionya kwamba nguzo itakamata takataka. Ikajengwa hata hivyo.

Mvua kubwa ya Januari ilileta mchanga, matawi na mifuko ya saruji mitupu. Vyote vikakwama kwenye nguzo, maji yakapanda, yakaingia kwenye nyumba tatu za upande wa chini, zikiwa ni nyumba za watu wale wale ambao kivuko kilijengwa kwa ajili yao. Usiku huo huo wenye nyumba walitoka na nyundo wakavunja ukingo wa slabu ili maji yapite.

Siku chache baadaye mhandisi wa ofisi inayosimamia barabara hiyo alifika. Alikuwa na hasira, na kisheria alikuwa na hoja: Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hairuhusu mtu kujenga ndani ya hifadhi ya barabara, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, bila kibali. Alisema angeweza kuwafikisha mbali. Mwalimu hakubishana. Alimwomba radhi kwa niaba ya mtaa, akampa ule ukurasa wa vipimo, na akamwomba atembee na mshonaji hadi kivuko cha mwisho. Mhandisi akatembea. Aliporudi alikuwa bado amekasirika, lakini aliuliza nani alipima vimo, na alipojibiwa kuwa ni fundi wa mtaa na mpira wa maji, aliukunja ukurasa akautia mfukoni.

Barua, kata na kalenda ya bajeti

Awamu ya pili ilikwenda kwa ngazi: serikali ya mtaa, mtendaji wa kata, Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha halmashauri na nakala kwa ofisi ya barabara. Barua ilitaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na kwamba Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009. Kutaja sheria kulisaidia barua isirudishwe. Lakini kwenye kikao cha kata nilichohudhuria, hakuna aliyejadili sheria. Walijadili ukurasa wa vipimo, kwa sababu ulikuwa na majibu ya maswali ya mwenye fedha: wapi, upana gani, urefu gani, kwa ajili ya nani.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na vipaumbele vya mitaa hukusanywa miezi mingi kabla ya hapo. Kufikia Aprili, Bunge la bajeti linapoanza kuketi na Dodoma yetu inapojaa magari ya wageni, hesabu za halmashauri zimeshapita kwenye vikao vyake. Vikundi vingi huamka wakati huo, vinapoona habari za bajeti kwenye luninga. Kikundi hiki kilikuwa tayari na muhtasari wa kata uliopigwa muhuri.

Kata iliwaambia wachague vivuko viwili kati ya saba, na mjadala ulichukua jioni nzima. Vijana walitaka cha njia ya soko kwa sababu kinapitisha watu wengi zaidi. Mama wa mtoto aliuliza swali moja: "Wa sokoni wana njia nyingine, hata kama ni ndefu. Sisi wa zahanati tuna ipi?" Kigezo kikabadilika hapo. Badala ya kuhesabu wapitaji, walitafuta mahali ambapo mtu hana njia mbadala kabisa. Zahanati ikawa ya kwanza, shule ya pili, soko likaandikwa la tatu kwa mwaka unaofuata. Kuna waliotoka wamenuna, na si vibaya kuisema, kwa sababu biashara zao zilikuwa kwenye njia ya soko.

Kivuko cha zahanati

Ombi liliingizwa kwenye matengenezo ya kipande hicho cha barabara. Mhandisi aliahidi kwamba mafundi wakifika, mtaa utaarifiwa kabla ya zege kumwagwa, na kwa kivuko cha zahanati ahadi ilitimia.

Mchoro ulikuwa na upana wa sentimita 90. Msimamizi aliona unatosha, kwani kitimwendo kinapita. Mshonaji hakubishana na karatasi. Aliomba chokaa ya unga, wakachora kivuko ardhini kwa ukubwa kamili, akaingia ndani ya mistari, na akamwomba mama mwenye mtoto mgongoni aje kutoka upande wa pili. Walipokutana katikati, mmoja alilazimika kurudi nyuma. Kisha mzee akapita na fimbo yake, na fimbo ikawa inapapasa nje ya mstari, pale ambapo pangekuwa shimo. Msimamizi alisimama akiangalia, akapiga simu, na upana ukawa mita moja na nusu, na kingo zenye kimo cha tofali pande zote mbili.

Kwa sababu ya yaliyotokea Januari, wenye nyumba za chini walitaka slabu zinazofunuliwa. Zikamwagwa vipande vyenye mishikio ya nondo, vikakaa vimebanana kiasi kwamba kidole hakiingii. Mishikio ya kwanza ilijitokeza juu, fimbo ya mzee ikaikwaa mara tu alipojaribu, na fundi akaichimbia vishimo ili ilale. Usafishaji ukafungwa na ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi ya kitaifa. Mtaimbo wa kufunulia slabu unatunzwa ofisi ya mtaa na unasainiwa kitabuni. Mvua iliyofuata maji yalipita.

Kivuko cha shule

Kati ya ujenzi wa kwanza na wa pili ulifanyika uchaguzi wa serikali za mitaa, na mtaa ukapata mwenyekiti mpya. Taarifa ya mafundi kuja ilipigwa kwenye simu ya mwenyekiti wa zamani. Naye, akijua hana tena madaraka, hakuona kama ni kazi yake kuipeleka. Mafundi wakaja, gengi jingine kabisa, wakamwaga na kuondoka.

Kivuko ni imara, watoto wanapita, na magogo yameondolewa. Lakini kimo cha sentimita 35 kimepandwa kwa mteremko usiofika mita mbili, wakati ulihitaji mita 4.2. Mshonaji hawezi kuupanda bila kusukumwa, na ndiyo njia ya kwenda kwenye kazi ya sare iliyoanzisha jambo lote.

Kijiwe

Kivuko cha zahanati kilipokamilika kilikuwa sehemu tambarare, safi, yenye watu wanaopita kutwa. Ndani ya wiki chache kikawa kijiwe cha bodaboda, na mama lishe akaweka meza mwanzoni mwake. Kitimwendo hakikupita tena.

Baadhi walitaka mgambo waitwe. Kikundi kilikataa kwa sababu mbili, na nadhani zote zilikuwa sahihi. Mgambo wangeondoka na sufuria za mama lishe, ambaye ni jirani wa upande wa chini anayelea wajukuu. Na mmoja wa bodaboda wale ndiye aliyekuwa akimpeleka mama na mtoto wake hospitali ya mkoa kwa bei ya kujuana. Wakaenda kuzungumza na mwenyekiti wa kijiwe. Mshonaji alikwenda mwenyewe, na mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Mwanangu, pikipiki yako ikilala hapa, mimi nalala ndani."

"Mama, samahani. Hatukuliangalia hivyo."

Waendesha bodaboda walichora mstari wa rangi nyeupe na kujiwekea faini wao wenyewe. Mama lishe alisogezewa meza pembeni, chini ya turubai lililochangwa. Mpango unashika siku nyingi. Siku za mnada unavunjika, na hadi sasa hakuna aliyepata dawa yake.

Uchambuzi

Jambo lililofanya kazi kuliko yote ni kuwaweka watumiaji kwenye vipimo, mahali ambapo mambo huamuliwa kwa sentimita. Mikutano yetu mingi huwaalika watu wenye ulemavu kutoa maoni, wanapigiwa makofi, kisha fundi anaamua peke yake. Hapa mshonaji alikuwepo zege kabla haijamwagwa, na mabadiliko ya mchoro yaligharimu chokaa na simu moja. Kwenye kivuko cha shule hakuwepo, na kurekebisha sasa kunahitaji kuvunja. Ofisi ni ile ile na barabara ni ile ile. Naamini kabisa kwamba tofauti ya vivuko viwili hivyo imetokana na kuwepo kwake tu.

Kigezo cha "nani hana njia nyingine" nacho kinastahili kuigwa, ingawa kina gharama. Kinawakosesha wengi kitu ili wachache wapate, na kikundi kisipokuwa tayari kueleza sababu kwa subira kitapoteza wanachama. Hiki kilipoteza wawili.

Kujenga kwanza kulidhuru watu, na nia njema haikukausha magodoro ya nyumba zile tatu. Hata hivyo siwezi kusema kwamba msaragambo ni makosa siku zote. Kasoro ilikuwa kugusa mtaro, ambao ni mfumo mmoja kutoka juu hadi chini, bila mtu anayejua maji yanatoka wapi na kwa wingi gani. Nguvu ile ile ingeweza kutumika kwenye ngazi za ofisi ya mtaa, ambazo haziingiliani na maji wala hifadhi ya barabara. Ngazi zile tatu bado zipo. Ni aibu, na nimewaambia.

Ahadi ya kuarifiwa ilikuwa ya mdomo, kati ya mhandisi na mwenyekiti mmoja. Uchaguzi wa mitaa huja kila baada ya miaka mitano na hakuna anayeshangaa ukija. Ahadi ingeandikwa kwenye muhtasari wa kata, ikitaja nafasi ya mtendaji wa mtaa, ambaye ni mwajiriwa na habadilishwi na kura, ingevuka uchaguzi bila shida.

Kuna watu ambao kisa hiki hakikuwafikia kabisa. Upande wa chini wapo vijana viziwi wasiopungua watatu, mmoja anaosha pikipiki hapo hapo kijiweni. Mkutano wa kwanza ulitangazwa kwa kipaza sauti, iliyofuata pia, na hakuna aliyejua lugha ya alama. Mzee asiyeona alipata kingo alizoomba, lakini pale ulipokuwa mti hapajawekwa kitu. Kikundi kimeshapanda mwarobaini mwingine, ila mti huchukua miaka na yeye anahitaji alama mwaka huu. Fundi amependekeza jiwe la mlimani lichimbiwe ukingoni, kwa kibali safari hii.

Ombi la mwaka unaofuata lina mambo matatu: kivuko cha soko, jiwe la mzee, na kurefusha mteremko wa shule. Kwa mteremko, nafasi ipo. Kilichoziba ni ubao wa jina la shule. Mwalimu mkuu ameandika kukubali usogezwe, na barua yake imeambatanishwa pamoja na vipimo vipya. Tangazo la mkutano wa kuvipitisha limetumwa kwa ujumbe wa simu, na mkalimani wa lugha ya alama ameombwa.